Blanketi lilikuwa linapumua

Jamani, leo nusura nimchemshe simbilisi wa mwanangu Neema, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia!

Mnanijua mimi. Nimekaa Dar, nimekaa Lusaka, ufugaji nimeuona. Hapa Mjimwema simbilisi wa wenzangu wanalala jikoni kwenye majivu. Wangu wana banda la waya na blanketi laini la mtumba, kama wageni wa harusi.

Shida yao moja tu, wanachimba. Ukitandika, wote wanazama chini ya blanketi.

Asubuhi nikawatoa bila kuwahesabu, ili nilifue. Nikalikunja, nikalitupa kwenye beseni, nikanyanyua sufuria la maji ya moto.

Jirani yangu, Mama Zuhura wa Tunduru, akapiga ukelele ng'ambo ya uzio: "Baba Neema, weka chini hilo sufuria! Blanketi linapumua!"

Huyu mama kila siku ananicheka eti nafuga panya. Hajawahi hata kuwagusa.

Leo karuka uzio na dera lake, akamchomoa humo jike mwenye mimba, kipenzi cha Neema, akamkumbatia kifuani.

"Mtoto ungemwambia nini wewe?" akafoka.

Nikaweka sufuria chini kama mtoto aliyekemewa. Mimi!

Basi tukalitandika tena blanketi bandani, tukabana kingo zake kwa matofali, tukawawekea chungu kilichovunjika wajifiche humo. Mpaka sasa hakuna aliyechimba.

Mama Zuhura, Mwenyezi Mungu akulipe, mimi siwezi.

Neema karudi kutoka shule, anamlisha jike wake majani huku anamwimbia. Hajui kitu.

Atakayemwambia, tutagombana!