Nusu Ujira kwa Korosho Zilezile

Soko huria lilipoingia, chama cha ushirika kikalegea na wanunuzi binafsi wakajaa Kibiti, nami nikapata kibarua kwenye ghala la tajiri mmoja, njia ya kwenda Bungu. Kazi ilikuwa kuchambua korosho. Tunakaa mkekani tangu asubuhi, nzima huku, mbovu kule. Kazi ya macho na vidole. Mguu wangu wa kushoto, uliopooza tangu utotoni, ulilala pembeni hauna habari.

Jumamosi mnyapara akanipa nusu ya walichopata wenzangu. Nikadhani amekosea.

"Sijakosea. Wewe mlemavu, tajiri kakuchukua kwa huruma."

"Kwani mimi nachambua kwa mguu?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani wifi yangu akasema nishukuru, wapo wasiopata hata hiyo. Shangazi naye, nishukuru. Jirani aliyekuja kuomba chumvi tu, naye nishukuru! Mwenye duka hajawahi hata siku moja kuniuzia chumvi nusu bei kwa ajili ya mguu.

Jumatatu nikamwendea tajiri mwenyewe, nikamwomba anilipe kwa gunia, si kwa siku. Akakubali huku anacheka, kama anayembembeleza mtoto. Wiki ile niliwapita wote isipokuwa mama mmoja wa Mohoro, ambaye vidole kama vyake sijaviona tena. Tajiri akatazama magunia, akautazama mguu, akanuna.

"Haiwezekani. Rudi kwenye malipo ya siku."

"Siku nzima au nusu?"

"Nusu, kama mwanzo."

Yule mama wa Mohoro ndiye aliyesimama, akakung'uta kanga yake.

"Basi na sisi leo tumepooza," akasema.

Tukatoka wote, na lori liko mlangoni linangoja mzigo. Kabla ya adhuhuri mnyapara akaja kutuita. Tangu hapo nikalipwa sawa na wenzangu, ingawa ile nusu ya nyuma sikuiona.

Msimu uliofuata akaja mgeni kutoka Dar. Tajiri akamleta hadi mkekani.

"Huyu mlemavu, lakini namlipa kama mzima. Ni moyo tu, bwana."

Mgeni akampa mkono kumpongeza. Nilikuwa na mtoto wa shule, na msimu ulikuwa unakwisha, nikainama nikachambua. Hadi leo najuta kunyamaza.