Wameandika "Haijulikani"

Ndugu zangu mlioko Doha, leo neno moja limemlaza mwenzangu hospitalini.

Neno lenyewe ni "presha".

Wafula, mlinzi ninayeishi naye chumba kimoja, aliamka na kichwa kinachogonga. Nikamfikisha kliniki ya Abu Hamour, iliyo karibu na lindo letu. Akamwambia daktari, kwa Kiingereza chetu, kwamba ana presha.

Sisi Wakenya tunajua maana yake: shinikizo la damu. Daktari hakujua.

"Presha ya kazi? Sote tunayo, rafiki yangu!" Akacheka, akampa panadol. Hata kipimo hakumfunga mkononi.

Nikamsihi muuguzi, dada wa kwetu Kisii, afungue rekodi za Wafula. Kliniki ya Muaither imempima kwa miezi minne, na kila kipimo kimo kwenye kompyuta.

"Kaka, kompyuta yetu haioni ya Muaither," akanijibu. "Laiti ingeona, ningemrudisha kwa daktari sasa hivi."

Adhuhuri mdomo wa Wafula ulipinda, mkono wa kulia ukalegea.

Hospitalini, daktari mwingine aliniuliza, "Anatumia dawa gani? Nikikosea, nitamdhuru."

Sikuzijua. Wafula mwenyewe hawezi tena kutamka.

Daktari huyo simlaumu. Alikuwa amefungwa macho kama mimi.

Kisha nikaiona fomu. Penye historia ya mgonjwa pameandikwa: "Haijulikani."

Kwa heshima zote, nalipinga neno hilo. Inajulikana. Imeandikwa vizuri kabisa, Muaither, mwendo wa dakika ishirini kutoka kitandani pake.

Nani kati yenu ameandikiwa neno hilo?