Ng'ombe wa Kemunto na Shule ya Urubani

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyosimama kwenye boma letu karibu na Kebirigo nikiwatazama ng'ombe wa baba kwa macho ya muuzaji. Ilikuwa miaka ya sabini, michai yetu bado michanga, nami nilikuwa kijana wa kidato cha pili mwenye barua mbili mfukoni.

Nimesikia kwamba nawe una barua kama zile, za watu wanaokuahidi kazi ya urubani ukijilipia mafunzo mwenyewe. Sijui kama mimi ni mtu wa kuulizwa. Nimejaza madaftari mengi maishani, na nikiyasoma tena naona nimekosea katika mengi. Ila hili nililiona kwa macho yangu, nitalisema lilivyokuwa bila kumwonea mtu.

Barua ya kwanza ilitoka shule ya urubani Nairobi. Nilipe karo yote kwanza, na nikihitimu watanipa kazi ya kurusha ndege zao. Hawakuuliza hata hesabu nilipata alama gani. Wakati ule niliona ni heshima. Ya pili ilitoka karakana ya ndege zinazonyunyizia mashamba dawa. Walitaka msaidizi wa fundi. Nifundishwe bure, mshahara mdogo, na nisiondoke kabla ya miaka minne. Hiyo niliikunja nikaikalia. Nani atake kufuta ndege mafuta na huku anaweza kuirusha?

Karo ingetoka kwa ng'ombe wale. Walikuwa wa mahari ya dada yangu Kemunto, aliyeolewa upande wa Magwagwa. Kwetu Gusii ng'ombe wa dada ndio kaka huolea, kwa hiyo nilihesabu ni wangu. Baba aliniambia, "Ukitaka kuoa ndege badala ya mke, haya. Lakini kwanza umwone shangazi yako."

Shangazi Bosibori hakujua kusoma. Alikuwa esigani, yaani mshenga, yule anayetumwa kuuchunguza ukoo kabla binti hajatolewa. Watu walitoka mpaka Kenyenya kumfuata, kwa sababu nyumba aliyoikubali haikuvunjika upesi. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti ukutani, lakini akili kama ile sijaiona tena.

"Nisomee," alisema. Nikasoma. "Rudia pale pa karo." Nikarudia. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Tangu nianze kazi hii sijaona boma linataka bibi aje na ng'ombe zake mwenyewe! Wachukue kijana, na ng'ombe wachukue?"

"Shangazi, hii si ndoa."

"Unaenda kwao, unafanya kazi yao, unakula wakikupa. Kama si ndoa ni nini?" Kisha akajifuta machozi ya kicheko. "Lakini pengine ni watu wazuri. Sijawaona, siwezi kuwasema. Twende tuwaone."

Hapo ndipo nilipoanza kumstahi. Mtu mwingine angecheka akaishia hapo. Yeye alivaa gauni lake la Sabato, akafunga ndizi kwenye kikapu, tukaenda Nairobi.

Mwenye shule alitupokea kwa adabu, akatupa chai, akatuonyesha ndege. Haki niiseme, hakutudanganya hata neno moja. Shangazi alipomuuliza kazi hutolewa lini, alijibu, "Mama, nafasi ikipatikana." Nami nilimsikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye yale mabawa meupe.

Tulipotoka shangazi alinishika mkono. "Bwana harusi yeyote ana maneno mazuri. Sasa tuwaulize wake waliotangulia."

Tulimkuta kijana mmoja, Mutua, akiosha ndege kwa ndoo na kitambaa. Alikuwa amesoma kunishinda mbali. Alitwambia amehitimu, leseni anayo, ila shule inataka awe ameruka saa nyingi zaidi kabla ya kumwajiri, na kila saa ya kuruka anailipia mwenyewe.

"Umengoja tangu lini, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Huu mwaka wa pili, mama."

"Kumbe umeolewa na bado unalala kwenu!"

Mutua alicheka sana, wala hakukasirika. Shangazi akamgawia ndizi, akamuuliza karo aliilipa kwa mali gani. Akasema baba yake aliuza shamba moja la kahawa, akimwambia kwamba hata likipotea, jingine la kula lipo.

"Basi huyu amecheza na chake," shangazi alisema. "Hana kosa." Halafu akanigeukia. "Na wewe? Kemunto akishindwa na ile nyumba, akitaka kurudi, utampa mumewe nini? Utamrudishia ndege?"

Mwanangu, aibu yangu ni hii hapa, nami nimekawia kuiandika. Kemunto alikuwa amekuja nyumbani Sabato chache kabla ya hapo, amekonda, shavu limevimba. Nililiona. Sikuuliza, kwa sababu nilijua jibu lake lingewafunga wale ng'ombe bomani.

Nilikwenda karakana. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama miaka mingi chini ya matumbo ya ndege, nikawa fundi wa injini. Mwaka uliofuata Kemunto alirudi na sanduku lake kichwani. Wazee wa Magwagwa walikuja na maneno makali, wakitaka mali yao. Baba hakubishana. Alifungua boma, ng'ombe wakatoka mmoja mmoja, na hakuna mtu katika nyumba yetu aliyemwambia dada yangu, "Vumilia, mali imeshaliwa."

Tena nisiwe mwongo kwa kunyamaza: Mutua alipata kazi hatimaye. Nilimwona akishuka kwenye ndege, mistari ya dhahabu mabegani, nikaona wivu. Pengine nami ningefika. Sijui, na shangazi naye hakuwahi kusema anajua.

Kwa hiyo sikuambii kataa. Urubani ni kazi ya fahari na haifundishwi bure. Nakuambia, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Watafute waliolipa kabla yako, uwaulize wanaruka au wanaosha. Ahadi ya kazi iandikwe pamoja na siku yake, na iandikwe pia utapata nini kazi isipokuja. Ukipewa njia ya kujifunza ukilipwa, hata kidogo, usiikunje kwa kiburi. Mwisho, kabla ya kulipa, mtazame usoni yule ambaye mali hiyo ndiyo kimbilio lake, umwulize anaendeleaje, na ungoje jibu. Kama ni chako, cheza nacho, nami nitakupigia makofi. Kama ni mlango wa mwenzako, usiuuze.

Mungu akupandishe juu, mwanangu, na akushushe salama. Na waliobaki chini wafurahi kusikia mlio wako ukipita.