Chumba Kisicho na Ramani

Bosi wangu ni msanifu majengo hodari. Anaweza kuangalia ukuta kwa jicho tu akakuambia umepinda kiasi gani. Lakini miwani yake mwenyewe haioni hata ikiwa kwenye paji la uso wake, na barua ya mteja akiishika leo, kesho haipo tena duniani. Ndiyo maana niko mimi. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiuendesha mlango, kabati na kalenda ya ofisi ile. Kila mchoro una nambari kwa sababu niliupa nambari. Kila fundi kule kwenye ujenzi ana ramani iliyo sahihi kwa sababu nilimpigia simu nikamsomea herufi ya toleo, kisha nikamtaka anisomee na yeye.

Siku moja mteja mkubwa alileta fomu. Katika fomu palikuwa na mstari uliotaka ofisi iwe na meneja mwenye cheti cha uongozi katika usimamizi wa ofisi za wasanifu majengo. Sikujua kuna cheti cha jambo hilo. Nilidhani jambo hilo linaitwa mimi.

Bosi akaniita. "Madam," akasema, "kama cheti hiki huna, itabidi nilete mtu aliye nacho. Wewe utahamia pale mapokezi. Halafu utamwonyesha kazi."

Nilimjibu "sawa" kwa sauti ya adabu, nikaenda chooni nikauambia ukuta yaliyokuwa moyoni. Kuhamishwa ningevumilia. Lakini nimfundishe mtu kazi yangu, kisha nimwamkie kila asubuhi kama meneja wangu? Nilijiandikisha kwa kozi siku hiyo hiyo, nikamwomba bosi asilete mtu mpaka niimalize.

Nilisoma kwa miezi saba, alfajiri kabla ya watoto kuamka na Jumamosi nikifua. Vitabu vya kozi vilinifurahisha na kuniudhi. Vilieleza kwa kurasa ishirini kwamba kiongozi lazima ajue nani yuko kwenye foleni na kwa nini amekasirika. Mtu aliyepanga mtaa wa Baba Dogo, hapa Nairobi, kwenye ploti ya nyumba kumi na mbili na bafu moja, analijua hilo kabla ya kunywa chai.

Mtihani wenyewe ungefanywa kwa kompyuta, nyumbani, Jumamosi saa nne asubuhi, huku msimamizi aliye ng'ambo akinitazama kwa kamera. Ukiukosa, unangoja nusu mwaka. Bosi alikuwa amenipa mpaka mwisho wa mwezi huo. Sheria zilikuwa nyingi: uwe peke yako, mlango ufungwe, isisikike sauti ya mtu mwingine, na chumbani kusiwe na karatasi yoyote yenye maandishi au michoro. Nilizisoma zote mara tatu, maana kazi yangu ni kusoma sheria. Na katika mara zote tatu sikuinua macho kuangalia kuta zangu.

Hapa lazima niungame. Ofisini kwetu, mchoro ukibadilishwa, ule wa zamani hupigwa muhuri mwekundu kwamba umepitwa, kisha huharibiwa, fundi asije akajenga choo mahali pa ngazi. Anayepiga muhuri ni mimi. Anayetakiwa kuharibu ni mimi. Sasa niambie, mtu wa Baba Dogo ashike karatasi nyeupe, nzito, upana wa kitanda cha mtoto, upande mmoja safi kabisa, halafu aichome? Mama yangu angesikia angenifungia siku tatu za maombi. Shule zikifunguliwa Januari kila daftari linataka jalada. Kuta za mawe ya ploti zinatoa vumbi linaloingia mpaka kwenye sukari. Kwa hiyo nilikuwa nazikunja, nazitia kwenye mfuko, naenda nazo nyumbani. Nilianza na madaftari ya wanangu. Nikaja kwenye kuta zangu. Kisha nikamgawia jirani wa nambari nane, na jirani hanyimwi kitu ambacho mwenzake amepewa. Bosi hakuniuliza hata siku moja zinakwenda wapi.

Jumamosi ikafika. Mume wangu aliwapeleka watoto kwa ndugu yake, mtaa wa Lucky Summer, ili nyumba itulie. Mama, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani magharibi kutibiwa macho, alikataa katakata kuondoka. Alisema atakaa nje ya mlango na mwavuli wake, na mtu akileta kelele ataijua Biblia upande wa Agano la Kale.

Saa nne kasoro robo nikafungua kompyuta ya ofisi. Msimamizi alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole. Tuliongea Kiingereza, nami nayaandika maneno yake kwa lugha yetu.

"Tafadhali izungushe kamera chumbani, polepole."

Nikaizungusha. 

"Samahani, mama. Kuna michoro ya majengo ukutani."

"Hiyo ni karatasi ya kuzuia vumbi tu."

"Ina vipimo." Akasogea karibu na kioo chake. "Nyuma ya kichwa chako naona chumba kimeandikwa 'Ofisi ya Meneja'. Na huu ni mtihani wa mameneja wa ofisi za wasanifu majengo."

Niligeuka. Kweli bwana. Miaka sita nimelala chini ya ofisi ya meneja na sikuwahi kuisoma. 

Hakuwa mtu mbaya. Alisema sheria inampa nafasi ya kunipa dakika arobaini nitafute chumba kitupu. Zikipita, mtihani unahesabiwa nimeukosa.

Nikaanza kubandua. Shida ni kwamba mimi nikibandika, nabandika. Nilitumia uji wa ngano wa moto, nikiupaka upande safi ili michoro iupendezeshe ukuta, na kila mwaka niliongeza karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Nikabandua toleo la tano la jengo la maduka, chini yake likatokea toleo la nne. Nikakwangua la nne, nikakutana na la tatu, muhuri mwekundu ukiwa bado unang'aa. Pale ofisini faili za mradi ule zilikuwa na pengo. Ukuta wangu haukuwa na pengo. Mama aliingia akaanza kukwangua kwa mwiko wa ugali, akitweta.

"Kai! Mwanangu, hii nyumba ina nyumba ngapi ndani yake?"

Dakika kumi zilikuwa zimekwisha na tulikuwa tumesafisha mahali pa kutosha kuegemeza mgongo. Nikabeba kompyuta nikakimbilia nambari nane. Jirani wangu huyo hufungasha sabuni kiwandani na moyo wake ni mweupe kuliko hiyo sabuni.

"Ingia dada, chumba ni chako! Hata viatu usitoe!"

Ukuta wake wote ulikuwa chumba cha kuwekea pesa cha chama kimoja cha akiba. Mlango wa chuma, unene wa zege, njia ya walinzi, vyote vimeelezwa kwa milimita. Juu yake alikuwa ametundika picha ya harusi. Kitandani mwanawe alikuwa ameacha daftari la hesabu lenye jalada la ramani ya chumba cha kuhifadhia maiti, limeandikwa jina na darasa kwa kalamu ya kijani, palipokuwa majokofu.

Nambari tano: zahanati, ghorofa zote mbili. Nambari kumi na moja: kanisa ambalo halikujengwa kwa sababu wazee waligombana, lakini hapa lilikuwa kamili, mpaka mimbari. Kila mlango niliofungua nilikaribishwa kwa furaha, na kila ukuta ulikuwa na mwandiko wangu kwenye kona: nambari, herufi, tarehe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimekichimba nyumba kumi na mbili.

"Si ni wewe ulituletea?" mama wa nambari tano akaniuliza, na hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anashangaa tu kwamba nimekuja kuzikimbia.

Nilisimama katikati ya ua nikaanza kulia. Sioni haya kulisema. Niliiona kesho yangu mapokezi, nikimtolea mtu kabati zangu moja moja, nikimwambia hii ni ya kaunti, hii ni ya mainjinia. Mama akanishika bega.

"Bafu," akasema. "Bafu haina karatasi. Ingeloa."

Mlangoni pa bafu alikuwa amesimama baba wa nambari tatu, ambaye hufanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha rangi. Alikuwa na taulo kiunoni, beseni mkononi, na nywele za samawati.

"Sista, nimetoka job sai. Hii rangi ikikauka haitoki. Nipe dakika tano tu."

"Baba," mama akamwambia, akifungua mwavuli ingawa hapakuwa na mvua, "leo hakuna kuoga."

Nikaingia. Nilipindua ndoo nikaikalia, nikaweka kompyuta juu ya mitungi miwili ya maji, nikafunga mlango kwa waya wake. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Msimamizi alitaka kuona kuta: saruji. Alitaka kuona dari: mabati. Alitaka kujua yaliyoandikwa kwa mkaa juu ya mfereji, nikamtafsiria kwamba ukimaliza, funga maji, hatuko kwenu. Alifikiri kidogo akasema hayahusiani na mtihani.

"Lakini nikisikia sauti ya mtu, mama, nitalazimika kuufunga."

Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Ploti ya Baba Dogo, Jumamosi, saa nne na nusu! Mama alisikia maneno yale ingawa Kiingereza chake ni cha kanisani. Nilisikia mwavuli ukigonga sakafu mara moja, kisha mnong'ono ukaenda mlango kwa mlango. Redio ya nambari saba ikazimwa. Mtu akakinyamazisha kitoto, sijui kwa titi au kwa mandazi. Halafu pakawa kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali pale tangu nihamie, hata siku ya mazishi.

Mtihani ulichukua saa mbili. Nilijibu maswali nikiwa na uji wa ngano kwenye kucha. Swali moja lilisema: una chumba kimoja cha mikutano na makundi mengi yanakitaka kwa wakati mmoja, utafanyaje? Kupitia upenyo wa mlango niliona miguu ya watu wapatao tisa kwenye foleni, na iliyotangulia ilikuwa na madoa ya samawati. Nilijibu kwamba ningewaeleza ukweli mapema na kuwaomba msaada wao. Kisha likaja lingine: michoro iliyopitwa hufanywa nini? Jibu sahihi nililijua kuliko aliyelitunga. Huharibiwa, isitoke ofisini hata kipande. Nililibofya nikisikia aibu halisi. Jumatatu ningeanza kuibandua mwenyewe, nyumba hadi nyumba, na nilifanya hivyo; ilinichukua wiki tatu.

Mwishoni kioo kilisema ngoja. Kisha kikasema nimefaulu. Msimamizi akanipongeza, akaongeza, kwa namna isiyo rasmi, kwamba hajawahi kuona chumba cha mtihani chenye utulivu kama kile. Nilipofungua mlango hakuna aliyesema neno, waliogopa bado. Nikainua kidole gumba. Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka barabarani, na baba wa nambari tatu akanipita mbio na beseni lake bila hata kunipongeza. Rangi ilikuwa imekauka. Alikaa na nywele za samawati karibu mwezi mzima na hakunilaumu hata mara moja.

Jumatatu nilimwekea bosi cheti mezani. Alikisoma, akakigeuza akaangalia na nyuma.

"Kumbe uliweza," akasema.

Hiyo "kumbe" iliniuma. Nilimshukuru hata hivyo.

"Mteja atafurahi. Sasa, Madam, yule binti wa mapokezi ameacha kazi Ijumaa. Utatusaidia pale kidogo, ama? Mpaka tupate mtu."

Nilimwangalia. Hakuwa anatania. Miezi saba, na kumbe nikifaulu ni mapokezi, nikianguka ni mapokezi. Na kabla sijajibu, simu ya mapokezi ikaanza kulia.

Wachoraji wawili waliinua vichwa wakanitazama, maana miaka kumi na mmoja simu ikilia mimi huinuka. Miguu yangu yenyewe ilikuwa imeshaanza. Niliikataza. Nikavuta kiti nikakaa.

"Mpaka nimwajiri mtu, bosi," nikasema, "utapokea wewe."

Ikalia tena. Ikalia tena. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kufukuzwa. Alisimama, akaipapasa miwani yake kichwani, akaenda akainua mkono wa simu kana kwamba ungemchoma.

"Halo," akasema. Akasikiliza. Akaufunika kwa kiganja, akanigeukia.

"Wanamtaka meneja."

"Waunganishe," nikamwambia.