Panzi Asiyeonekana Mzima

Kavutha alikuwa na studio ndogo Kayole, karibu na steji ya Spine Road, na miaka hiyo ya tisini picha za harusi na za kitambulisho ndizo zilizomlisha. Kilichomnyima raha ni panzi. Alimkuta dirishani, amekufa lakini hajavunjika popote, akatamani kumwona kwa karibu. Akaichomoa lenzi ya kamera, akaigeuza nyuma mbele na kuishikiza kwa selotepu. Alipochungulia, panzi alijaa kioo chote cha kamera, na uso kama wa mbuzi aliyekasirika.

Picha ilipotoka, jicho tu ndilo lililokuwa wazi. Kuanzia shingoni, ukungu mtupu.

Aliipeleka kwa baba yake, Mzee Wathome, mchongaji aliyewasomesha wanawe kwa kuuza tembo na twiga wa mbao. Mzee alikuwa ameweka chini tezo yake ya kuchongea tangu macho yakatae vitu vya karibu, na miwani ilimpa kizunguzungu. Siku hizi alishinda mlangoni akitazama barabara. Kavutha aliumia kumwona hivyo, na angefanya chochote achonge tena.

"Mama," alisema mzee, maana Kavutha alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa mzee, "huyu miguu yake inaanzia wapi?"

"Lenzi haiwezi, Baba. Ikishika jicho, inaacha mguu."

"Basi na mguu uupige picha."

Neno hilo likamkaa kichwani. Alimgandisha panzi kwenye rula, akaiacha kamera palepale, akawa anasukuma rula kidogo sana kila baada ya picha, ili sehemu nyingine ifike mahali lenzi inapoona vizuri. Filamu nzima ikaisha. Picha akazitoa kubwa kama sahani, akazipanga sakafuni kwa baba yake: jicho, shingo, bawa, goti. Kisha akatoa wembe, azikate na kuunganisha vipande vilivyo wazi apate panzi mmoja.

Mzee alishuka kitini, akapiga magoti katikati ya picha. Alikawia kwenye ile ya goti, akilifuata kwa kidole, bila miwani.

"Usikate," alisema. "Nimewauzia watalii panzi wa mbao tangu ujana wangu, na goti hili nimelikosea kila mara." Akacheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau. "Niletee tezo, nimchonge kwa ukubwa huu ninaouona. Na hizi picha zisiguswe."

Kavutha alirudisha wembe mfukoni, akaenda kuitafuta tezo, na kwa furaha aliyokuwa nayo akaipita mara mbili pale nyuma ya mlango.