Barua ya Posa Niliyoibandika Stempu

Mkiniona nakatiza pale posta nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, tafadhali msiniite jina kwa sauti, maana wauza korosho wa pale barazani bado wananikumbuka, na mmoja wao (yule mfupi, Mungu anamwona) kila nikipita huniuliza, "Mzee, leo tukushikie saa?" Mke wangu sijawahi kumsimulia aibu ile hata siku moja, lakini anaijua yote, kwa sababu aliiona kwenye simu kabla mimi sijafika nyumbani.

Mimi ni wakala wa forodha hapa bandarini, na kazi yangu ni makaratasi, hasa msimu wa korosho, maroli yakijipanga mpaka unasahau barabara ilikuwa wapi. Mpwa wangu Festo, mtoto wa dada yangu Agatha, alipata mchumba, nesi mmoja anaitwa Restituta, binti wa Mwalimu Damiani anayefundisha sekondari huko mbele kidogo ya Naliendele. Na kwetu Wamakonde mnajua, mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo mshenga ni mimi: niibebe barua ya posa ndani ya kitambaa kizuri, niiweke kwenye sahani mbele ya wazee wa binti, halafu nijibu maswali. Ilipangwa Jumamosi mchana. Tena haikuwa mchezo, kwa sababu Resti alikuwa amepangiwa kazi Songea, anaondoka Jumatatu, na baba yake alishasema wazi kwamba kama barua haijafika kabla binti hajasafiri, Festo akatafute kwingine.

Sasa shida yangu mimi ilikuwa hapo kwenye kujibu maswali. Nawaogopa mashangazi. (Chekeni tu, nimeshazoea.) Mara ya mwisho nilipokuwa mshenga, shangazi mmoja aliniuliza kijana wetu anafuga nini, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikajibu, "Ndevu," tukatozwa faini ya jogoo papo hapo, na ukoo mzima ukanisema mpaka msimu ukaisha.

Basi Jumatano nimekwenda posta kutuma nyaraka za ofisi, barua ya posa iko humo humo kwenye mkoba, mbele yangu mama mmoja ananunua stempu, na shetani akanipitia. Nikajiambia, nyaraka za mizigo zinavuka bahari zinafika, Naliendele itashindikana? Mwalimu ataisoma kwa utulivu, mashangazi watatulia, hakuna wa kuniuliza habari za ndevu. Nikanunua stempu, nikabandika, nikaandika jina la Mwalimu na sanduku la shule (namba naijua tangu Festo anasoma pale), nikatumbukiza, nikaenda zangu kula. Na jueni kwamba kutoka hapo mpaka kwa Mwalimu ni safari fupi tu ya bodaboda, mtu anakwenda na kurudi chai yake ingali moto.

Sikumwambia mtu. Jumamosi nimejilaza nyumbani na msuli wangu, nasubiri kupongezwa, simu ikalia. Dada Agatha.

"Longino, mmefika wapi? Wakwe wanauliza, mbuzi ameshaiva."

"Dada, barua si wameshaipata?"

"Nani kaipeleka?"

"Posta."

 Akasema taratibu, "Longino. Umemtumia mtu posa kwa stempu?"

Sikusubiri amalizie. Nilivaa suruali huku natembea, nikachukua bodaboda mpaka posta, nia yangu niitoe ile barua niikimbize mwenyewe. Posta yenyewe imeshafungwa, ila mnajua yale masanduku yako ukutani kwa nje, vimlango vyake vinaangalia barazani, na sanduku la shule liko chini kabisa, mlango wake umepinda pembeni umeacha mwanya. Nikapiga magoti, nikamulika na simu, nikauona mwandiko wangu! Barua imelala humo tangu ilipotiwa, hakuna aliyeigusa. Nikapenyeza mkono. Vidole vikaishika. Kuvuta mkono, hautoki, ukanda wa saa umenasa kwenye ile kona iliyopinda, na kila nikivuta bati linanibana zaidi.

Hapo nimepiga magoti, makalio yanaangalia barabara, Jumamosi mchana, mji mzima unapita. Wauza korosho wakaja kwanza, wakafuata bodaboda, mmoja akatoa simu akaanza kurekodi, halafu akafika mlinzi.

"Shikamoo mzee," akasema, ana adabu sana yule kijana, "ila mkono wako uko kwenye sanduku la watu."

"Najua, mwanangu. Vunja mlango."

"Mlango ni mali ya umma, mzee. Mkono ndio wako." Watu wakacheka. "Tulia, mwenye ufunguo namjua, ni mwalimu mmoja, namba yake ninayo. Ngoja nimpigie Mwalimu Damiani."

Jamani! Nilimsihi, nikamwahidi samaki, nikamwambia bora niukate huo mkono, wapi, ameshaweka simu sikioni: "Mwalimu, tumekamata mwizi wa barua kwenye sanduku lenu. Hakimbii, amenasa."

Akaja amevaa suti. Ile suti ya kupokelea wageni, yaani ya kunipokelea mimi. Na nyuma yake kwenye pikipiki ya pili shangazi yake Resti, Shangazi Veneranda, kakaa upande na kitenge chake kipya, kaja kumwona huyo mwizi kwa macho yake.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema kutoka kule chini.

"Marahaba." Akainama akanitazama usoni. "Bwana Longino? Si wewe tunayekungoja?"

Akafungua sanduku, mkono ukatoka umevimba, bado umeng'ang'ania barua. Akaichukua, akasoma jina lake, akaitazama ile stempu. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Wiki hii sikuja kufungua sanduku," akasema. "Nilikuwa napaka rangi sebule kwa ajili yenu. Na binti yangu tangu asubuhi amevaa, kila pikipiki ikipita anachungulia dirishani."

Hapo ndipo niliona aibu ya kweli. Ile ya kupigishwa magoti na bati ilikuwa utani tu. Nilimfikiria yule binti na dirisha lake, nikakosa hata pa kuyaweka macho.

"Kwa nini, Bwana Longino?"

Nikasema ukweli, sikuwa na kingine. "Nawaogopa mashangazi, Mwalimu."

Baraza zima likaangua kicheko. Shangazi Veneranda hakucheka. Alinisogelea, mikono kiunoni. "Unatuogopa? Basi utajibu hapa hapa, mbele ya hawa. Binti yetu anakwenda Songea. Huyo kijana wenu atamsubiri huku anakula korosho, au vipi?"

 Na kilichonitoka si kile nilichokuwa nimejiandaa kusema, kwa sababu sikuwa nimejiandaa chochote.

"Mama, Festo hali, halali. Ameshaomba uhamisho wa kazi kwenda Songea, kabla hata ninyi hamjasema ndiyo. Nikamwambia, je, wakikataa? Akasema, basi nitakuwa Songea, siku moja nitaumwa, atanitibu."

Hata yule wa kurekodi akashusha simu kidogo. Shangazi Veneranda akaipokea barua kutoka kwa Mwalimu, akaigeuza huku na huku bila kuifungua.

"Haya umeyaandika humu?"

"Hapana, mama. Humu nimeandika zile salamu za kawaida."

"Unaona sasa," akasema, na sauti ikawa nyingine kabisa, "ndiyo maana tunataka aje mtu." Akavua leso yake ya kichwani, akaifunga ile barua, akanirudishia. "Twende ukabishe hodi kwetu, uilete inavyoletwa. Na mbuzi tumpashe."

Resti aliondoka Jumatatu akiwa mchumba wa Festo. Dada Agatha ndiye asiyesema na mimi, kwa sababu ile habari ya uhamisho wa mwanawe alikuwa haijui, kaisikia kwenye video pamoja na mji mzima. Ila nimeapa, na ninyi ni mashahidi: nyaraka za korosho nitazituma popote mtakapo, lakini watoto wa dada zangu wakitaka kuoa nitakwenda mwenyewe, nikae mbele ya mashangazi, nitetemeke wanione.