Robo Tatu ya Inchi

Nikiwa kidato cha nne, mchana wangu mwingi ulipotelea barazani kwa baba, Kariakoo, kwenye kivuli cha vitenge vilivyoning'inizwa. Baba ni fundi cherehani. Mtaa ulikuwa na kelele zake zote, mikokoteni, wauza viatu, spika za matangazo, lakini mimi nikishaegemea robota la vitambaa nilizisikia kwa mbali, nusu macho nusu usingizi. Nilikuwa nasubiri duara. Baba akikata sketi pana, alikunja kitambaa mara mbili, akachora robo ya duara kwa chaki, akakata. Kitambaa kikikunjuliwa, duara zima lilifunguka hewani na kushuka taratibu mezani. Sikuchoka kulitazama.

Wiki ile tulikuwa tumepewa fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tano. Nilijaza kwanza kwa penseli, kama tulivyoagizwa: fizikia, kemia, hisabati. Hisabati niliitaka mpaka nikawa naiota. Rafiki zangu walisema nimechanganyikiwa, na huenda ni kweli.

Baba alikuwa na kanuni moja ya kukata tundu la kiuno: gawa kipimo cha kiuno kwa sita, toa robo tatu ya inchi, hapo ndipo unapochora. Siku moja nikagundua kwamba ile sita yake ni pai mara mbili, ileile ya darasani, ila yeye ameikata mkia. Kichwa kikanivimba.

"Baba, sita haitoshi. Ni sita nukta mbili nane. Na hiyo robo tatu unaitoa ya nini?"

"Ndivyo inavyotolewa," alijibu, pini mdomoni.

"Nani kasema?"

"Aliyenifundisha. Haya profesa, kata wewe."

Nikakata kwa sita nukta mbili nane, bila kutoa kitu. Ilikuwa sketi ya mama mmoja wa Buguruni, ya kuvaa kwenye harusi ya mwanawe. Alipokuja kuijaribu ikamteleza kiunoni, akaidaka kwa mikono miwili. Baba hakunigombeza mbele yake. Alitia marinda mawili nyuma, akamwambia huo ndio mtindo wa sasa, na mama wa watu akaondoka kwa madaha. Mimi nilitamani nifunikwe na robota zima. Nilitoa fomu, nikafuta, nikaandika historia, Kiswahili na Kiingereza. Fomu zilitakiwa shuleni kesho yake asubuhi.

Baba alipokwenda kuswali alasiri, nilibaki peke yangu na chaki. Nilichora duara mezani bila kuwaza kitu. Nikachora la pili kwa nje, nusu inchi kutoka la kwanza, pale mshono unapopita. Nikayatazama kwa muda mrefu. Mshono hauendi ukingoni, unaingia ndani ya kitambaa, kwa hiyo duara la mshono ni kubwa kuliko lile la mkasi. Nikapiga hesabu. Kiuno kinaongezeka inchi tatu na ushee, na ndizo zilizomtelezea yule mama. Nikatafuta cha kupunguza ili zisiongezeke. Kwa mwenye kugawa kwa sita, jibu lilikuja karibu kabisa na robo tatu ya inchi: nusu ya mshono, na kama robo ya kufidia ile sita iliyokatwa mkia.

Aliporudi nilimweleza. Alinitaka nirudie maelezo mara mbili, kidole chake kikifuata mistari ya chaki, kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "najua nabahatisha. Watu wananisifu, mimi moyoni nasema iko siku nitaumbuka."

"Hukuwa unabahatisha, Baba."

Alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitenge, akaendelea kuifuta. Sikuwahi kumwona baba yangu akilengwalengwa na machozi. Mimi nililia waziwazi, wala sikuona aibu.

Baadaye aliomba fomu aweke sahihi ya mzazi. Akaisoma.

"Hii historia imetoka wapi?"

Nilichukua kifutio. Akasubiri, kalamu mkononi, mpaka nilipomaliza kuandika upya, ndipo akaweka sahihi.